Kabla Hujamtumia Ndugu Hela ya Sintesaiza

Kabla hujamtumia ndugu yako wa Dubai hela ya sintesaiza, ile mashine ya kinanda inayotengeneza sauti kwa umeme, jumlisha kwanza bei ya vitu vinavyoizunguka: nyaya, adapta, kadi ya sauti, stabilaiza. Mimi hesabu hiyo niliipiga mashine ikiwa tayari mezani, na mwezi ule niliishi kwa kukopa. Vijana wanaotengeneza biti nyumbani wananiuliza swali lile lile kila mara: waendelee na plagini za bure, yaani vinanda vya ndani ya kompyuta, au wajibane wapate mashine yenye nobu, vile vifundo vya kuzungusha kwa mkono? Nimekaa na vyote viwili muda wa kutosha kuwa na msimamo wangu.

Natengeneza muziki chumbani, Tabata. Mchana nina kazi nyingine. Usiku kitanda kinasukumwa ukutani, meza inavutwa katikati, wateja wanaingia. Wengi ni watu wa mtaani: Bongo Fleva, kwaya, taarabu ya kisasa, na siku hizi singeli. Vidole vyangu vilianzia kanisani kwenye kinanda cha Yamaha PSR. Kompyuta ilikuja baadaye, rafiki aliponiwekea FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, kutoka kwenye flashi, ya kukrakiwa, yaani iliyovunjwa kufuli isilipiwe, kama ilivyokuwa kwa karibu kila prodyuza niliyemjua wakati ule.

Sitawahubiria kuhusu krak. Nitasema tu ilivyonigharimu. Laptopu ilipokufa na fundi akaweka Windows upya, nilifungua nyimbo za zamani nikakuta ngoma zinalia, sauti ya mwimbaji ipo, na pale penye vinanda ni kimya. Plagini hazipo, zile za kwenye flashi zimeshapotea, na nyingine nilizozipata mtandaoni zilikuja na virusi. Kuna mteja alitaka wimbo wake uongezwe kionjo, nikalazimika kuupiga upya mwanzo mwisho bila kumwambia. Tangu hapo nikahamia kwenye vitu vya halali, na hapo ndipo nilipogundua kwamba vya bure vinatosha kuliko nilivyodhani. Plagini ya Vital, iliyotoka mwaka 2020, ina toleo la bure ambalo sijalimaliza mpaka leo. Surge XT ni bure kabisa. Dexed inaiga Yamaha DX7 ya mwaka 1983, ile mashine iliyosambaza vile vinanda vya kengele kengele ulimwengu mzima, na inapokea faili zile zile za sauti zilizotengenezewa DX7 yenyewe. Kwa taarabu na kwa nyimbo za kwaya, Dexed peke yake imenilipia kodi ya nyumba.

FL Studio nayo ina mambo mawili ya kujua kabla hujalipa. Ile ya kujaribu inakuruhusu kuhifadhi kazi, lakini huwezi kuifungua tena mpaka ununue leseni, kwa hiyo usimwahidi mteja kitu ukiwa nayo. La pili ni kubwa zaidi kwa anayetaka mashine: toleo dogo kabisa, Fruity Edition, halirekodi sauti kutoka nje. Mwenye plagini tupu anaweza kuishi nalo. Mwenye sintesaiza anahitaji Producer Edition, na tofauti ya bei siyo ndogo. Kama mfuko hauruhusu, kuna programu nyingine, Reaper, leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60 na inarekodi kila kitu, ingawa kwa mtu aliyelelewa na FL itachukua muda kuzoea.

Sasa kwa nini nikatafuta mashine, nikiwa na plagini zote hizo? Tamaa ilikuwepo, siwezi kukataa. Lakini kulikuwa na sababu nyingine. Nilikuwa nakaa mbele ya skrini saa nzima natafuta sauti ya besi, nabofya preseti, zile sauti zilizopangwa tayari, moja baada ya nyingine, na nikiipata nimeshasahau melodi niliyokuwa nayo kichwani. Nilitaka kitu ambacho hakina preseti elfu tatu, ambacho mkono ukikigusa sauti inageuka.

Nikapata Korg Minilogue iliyotumika. Ikiwa mpya ilitoka mwaka 2016 kwa karibu dola 500. Ni mashine ya analogi, yaani sauti yake inazaliwa na saketi za umeme badala ya hesabu za kompyuta, yenye sauti nne tu kwa wakati mmoja, maana yake noti nne, vitufe 37 vidogo vidogo, na kioo kidogo kinachoonyesha umbo la wimbi la sauti unapozungusha nobu. Binamu yangu aliileta kwenye begi. Ukiagiza kwa mzigo wa kawaida, kumbuka ushuru haupigwi kwenye bei ya kifaa peke yake, unapigwa kwenye bei pamoja na usafiri na bima, halafu VAT ya asilimia 18 inakaa juu ya hiyo yote.

Ilifika bila adapta. Hapa naomba usome polepole. Minilogue inataka volti 9 na chanya iko katikati ya kichomeo. Vinanda vingi vya zamani vya Casio navyo vinataka volti 9, ila kwao katikati ni hasi. Adapta mbili, volti ile ile, kichomeo kinaweza hata kuingia, na moja inaua mashine ya mwenzake. Chini ya kila kifaa kuna mchoro mdogo: kiduara, nukta katikati, na alama za kujumlisha na kutoa. Kariakoo muuzaji atakwambia "hii inaingia zote, kaka", na kweli itaingia. Tazama mchoro wewe mwenyewe, tumia tochi ya simu, linganisha na ule ulioandikwa kwenye adapta, kisha angalia na ampea zisiwe pungufu.

Mwenzangu mmoja wa Temeke alinunua mashine kubwa ya zamani kwenye mzigo wa mitumba ya Japani. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230, na mashine ile ilikuwa na waya wa ukutani wa moja kwa moja, haina adapta. Aliichomeka jioni ile ile. Moshi ulitoka kabla hajagusa hata kitufe kimoja. Transfoma ya kushusha umeme ingemgharimu sehemu ndogo sana ya alichopoteza.

Baada ya umeme ikaja kelele. Nilichomeka Minilogue kwenye laptopu kwa USB ili noti zipite, na waya wa sauti nikaupeleka kwenye kadi ya sauti, kile kiboksi kinachoingiza na kutoa sauti ya kompyuta. Kwenye spika kukatokea mluzi mwembamba, na kila nikisogeza mausi mluzi unabadilika, kama mbu anayehama sikio. Nikabadilisha nyaya, nikazima feni, nikalaumu nyaya za umeme za mwenye nyumba. Kumbe ni mzunguko wa umeme kati ya USB na waya wa sauti: vifaa viwili vimeungana kwa njia mbili, na uchafu wa laptopu unapita humo. Nilichomoa USB nikaweka waya wa kizamani wa MIDI, lugha ambayo vinanda na kompyuta hupeana noti, ule wa pini tano, na chumba kikanyamaza hapo hapo. Mfumo wa MIDI ulipangwa tangu mwaka 1983 kwamba upande wa kupokea utenganishwe kwa mwanga, umeme wa kifaa kimoja usiguse wa kingine. Waya wa bei ya chipsi na mishikaki ulitatua kilichonisumbua wiki nzima.

Kisha noti zikaanza kulia mara mbili. Ukibonyeza kitufe kimoja, mashine inalia yenyewe, halafu kompyuta inairudishia ile noti na inalia tena, sauti inakuwa nyembamba na nzito kwa zamu, na zile sauti nne zinaisha kwenye kodi (noti zinazolia pamoja) ya noti mbili. Dawa iko ndani ya menyu na inaitwa Local. Izime. Vitufe vya mashine vitazungumza na kompyuta tu, na kompyuta ndiyo itakayoipa mashine noti za kupiga. Ukitaka kuipiga bila kompyuta, kumbuka kuiwasha tena, la sivyo utadhani imekufa. Mimi nilishawahi kuifunga kwenye boksi nikitaka kuipeleka kwa fundi.

Ucheleweshaji wa sauti ndiyo mada ambayo watu wa singeli wanapaswa kuielewa kuliko wote. Kwenye biti ya mwendo wa mapigo 90 kwa dakika, robo ya pigo moja ni kama milisekunde 167. Kwenye singeli ya mwendo wa 240, robo hiyo hiyo ni milisekunde 62.5 tu. Sasa kama kadi yako ya sauti umeiweka kwenye bafa (kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kabla ya kuitoa) ya sampuli 1,024, kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde, ni milisekunde 23 tayari zimepotea kati ya kidole na sikio. Hiyo ni zaidi ya theluthi ya robo pigo. Mpigaji mzuri atasikika mlevi. Unapopiga plagini kwa mkono shusha bafa mpaka 128, ambayo ni kama milisekunde 3, na ukifika wakati wa kuchanganya nyimbo ipandishe tena ili laptopu ipumue. Mashine haina shida hiyo ukiisikiliza moja kwa moja kupitia kitufe cha kadi ya sauti. Lakini sauti iliyorekodiwa nayo inaweza kutua nyuma kidogo ya ngoma, kwa hiyo rekodi mlio mmoja mkavu, uukuze kwenye skrini, uone umetua wapi, kisha urekebishe mara moja kwenye mipangilio.

Kwa nyimbo za kasi hiyo niliacha kabisa kujaribu kuifungamanisha saa ya mashine na saa ya kompyuta. Inayumba. Naiacha mashine iende, narekodi dakika tano sita huku nazungusha filta, nobu inayofanya sauti ing'ae au ififie, halafu nakata vipande vizuri navipanga kwa mkono kwenye gridi.

Kilichonifundisha kuliko vyote kilitokana na mama mmoja mwimbaji wa taarabu. Tulikuwa tumeshamaliza muziki. Besi na zeze la uongo vyote nilivipiga kwenye Minilogue, vimesharekodiwa, nimeridhika. Akaja kuimba, akafika kwenye kiitikio, akavua hedifoni taratibu.

"Mwanangu, hapo juu sifiki tena. Nishushie kidogo."

Kwa plagini hilo ni jambo la sekunde kumi: unachagua noti zote, unashusha, unasikiliza. Lakini mimi nilikuwa na sauti tu, noti sikuzirekodi. Nikasema, "Sawa mama, nipe dakika chache," nikijua siyo dakika chache. Kushusha sauti yenyewe kwa kompyuta kulifanya kazi kwa kodi ndefu za nyuma, zikawa na ukungu ambao hata haukuharibu. Besi ikawa kama inatoka kwenye ndoo. Nikarudi kwenye mashine niipige upya, na ile sauti haipo, kwa sababu tangu siku ile nilikuwa nimeshazungusha kila nobu kwa wimbo wa mtu mwingine na sikuihifadhi. Nilikuwa na picha ya nobu niliyopiga kwa simu. Picha inadanganya! Ukiita sauti iliyohifadhiwa, nobu zinabaki zilipokuwa huku ndani sauti ina thamani nyingine, hivyo nilichopiga picha hakikuwa nilichokuwa nakisikia. Mama alikunywa chai ya pili, akanipa pole, akaondoka akasema atarudi Jumamosi. Nauli yake nililipa mimi.

Kutoka hapo nina utaratibu ambao sikiuki hata kama ni saa nane usiku. Noti zinarekodiwa kwenye treki yake kwanza, ndipo mashine inazipiga na sauti inarekodiwa kwenye treki ya pili chini yake. Sauti inahifadhiwa ndani ya mashine kwa jina la mteja. Minilogue ina nafasi 200, nusu imekuja imejaa, unaweza kuifuta bila majuto. Na wimbo hauachwi kiporo ukisubiri mashine: kilichopigwa usiku huu kinakuwa sauti usiku huu. Umeme ukikatika laptopu ina betri, mashine haina, na ambacho hukukihifadhi kimekwenda. Tena chomoa kabisa ukutani ukikatika, subiri urudi utulie. Vifaa vingi vinauawa umeme unaporudi.

Hicho kisa ndicho kilichonigawia kazi. Chochote ambacho mteja anaweza kuja kukibadilisha kinakaa kwenye plagini mpaka aseme basi: kodi, vinanda, nyuzi, chochote kinachofuata ufunguo wa wimbo. Mashine naipa yale yanayohitaji mkono, yaani besi inayofunguka polepole, milio ya kupanda kabla ya kiitikio, kelele za katikati. Nimesikia watu wakigawa kwa ubora, eti analogi ina joto na plagini ni baridi. Nilijaribu mwenyewe. Nilipiga besi moja kwa Minilogue na ile ile kwa Surge XT, nikaziweka chini ya ngoma na sauti ya mwimbaji, nikawasikilizisha watu bila kuwaambia ipi ni ipi. Zikiwa peke yake wengine waliona tofauti. Ndani ya wimbo hakuna aliyejali, na mwimbaji mwenyewe alisema zote sawa, ila sauti yake ipandishwe.

Na hapa Dar ubishi huo ungetuchekesha. Mchiriku ulijengwa kwa vinanda vidogo vya Casio, vile ambavyo Ulaya vilinunuliwa kama midoli, vikapitishwa kwenye spika za pembe mpaka vikakwaruza, na mkwaruzo ukawa ndiyo ladha. Singeli ikachukua mkwaruzo ule ikauingiza kwenye kompyuta na kuukimbiza. Hakuna aliyesimama kuuliza kipi kina joto.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawatakwambia: sehemu kubwa ya raha niliyoinunua ningeipata kwa kidhibiti cha MIDI, kifaa kisicho na sauti yake kinachoiamuru kompyuta tu, chenye nobu nane, kwa robo ya bei. Unaiunganisha nobu ya kwanza na filta ya plagini, ya pili na mwangwi, unapiga kwa mkono mmoja unazungusha kwa mwingine, na kila mzunguko unarekodiwa na unaweza kurekebishwa kesho. Kilichobaki ambacho mashine inanipa na kidhibiti hakinipi ni kwamba naweza kuiwasha bila kuwasha laptopu. Hakuna WhatsApp, hakuna faili la mteja linaloninyooshea kidole. Nyimbo zangu mwenyewe, zile ambazo hakuna aliyezilipia, karibu zote zimeanzia hapo. Kwangu inatosha kuitunza. Kwa mtu anayepiga biti za kuuza tu, sidhani.

Mashine ya pili niliinunua pia, ya ngoma, ndogo ya kutumia betri. Niliiuza kwa hasara. Kadi yangu ya sauti ina matundu mawili tu, moja la maikrofoni na moja la Minilogue, ambayo kwa bahati sauti yake inatoka kwa waya mmoja. Ya pili ilikuwa inanilazimisha kuchomoa na kuchomeka kila mara, na ngoma nilizonazo kwenye kompyuta zilikuwa tayari zinanitosha. Kabla ya kuongeza kifaa hesabu matundu, kwa sababu sintesaiza nyingi zenye pande mbili za sauti, kushoto na kulia, zinakula matundu yote mawili, na kadi yenye manne au manane ni bei ya sintesaiza nyingine.

Ningeanza leo ningeanza na hedifoni nzuri na kadi ya sauti, halafu leseni ya programu, halafu kidhibiti chenye nobu na zile plagini tatu za bure. Ningekaa hapo mpaka nijue kwa hakika ni nobu gani mkono unaikimbilia. Mashine ingekuja mwisho, moja, na ingekuwa ya kutumika.

Ya kutumika, nenda kaikague mchana. Beba hedifoni zako na adapta uliyoihakiki. Bonyeza kila kitufe kwa nguvu ndogo na kubwa, maana pwani yetu chumvi na vumbi vinaharibu viunganishi vya chini ya vitufe, na kitufe kinachokosa noti mara moja kati ya tano kitakosa siku ya mteja. Zungusha kila nobu mwanzo mpaka mwisho ukisikiliza mkwaruzo; mdogo unaisha kwa dawa ya kupuliza ya viunganishi, mkubwa ni bei ya kubishana. Kama ni ya analogi, iache iwake robo saa kisha pima tuni, kwa sababu joto la chumba huisogeza, na ya kisasa iwe na uwezo wa kujipanga yenyewe. Kama ni ya miaka ya themanini, uliza betri ya kumbukumbu imebadilishwa lini, maana kwenye DX7 na wenzake betri hiyo imechomelewa ndani na ikiisha sauti zote ulizohifadhi zinafutika. Tengeneza sauti yako pale pale, ihifadhi, zima mashine, chomoa kabisa, muulize muuzaji habari za nyumbani, kisha iwashe uone kama bado ipo kabla hujatoa hela.